Fidia ilivyomeza mwamba

Kila nikirudi kwetu Faza, kisiwani Pate katika kaunti ya Lamu, kabla hata sijautua mkoba, atakuwepo mtu wa kuniuliza: wewe ni wa bandari au ni wa wavuvi? Huulizwa kwa utani, lakini jibu husikilizwa. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Riziki yangu inatokana na meli kubwa kupata pa kufunga, kontena kushuka na karatasi kwenda mbio. Hapo hapo, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kamba mawe aliokuwa akiwatoa ami yangu katika mashimo ya mwamba, upande wa nje wa kisiwa cha Pate, miezi ya kaskazi bahari inapolala na maji kuwa maangavu. Kwa hiyo nikiulizwa mimi ni wa nani, huwa naulizia chai iko wapi.

Kuna jambo nimelikalia muda mrefu, na sasa nimeamua kuliandika. Mjadala wa bandari ya Lamu umegeuka kuwa mjadala wa pesa za wavuvi. Nani alipwe, kiasi gani, lini, na kwa nini jina la fulani limo na la fulani halimo. Wanasiasa wetu wameuhifadhi mjadala huo wakauimba. Kilicholeta hasara yenyewe, lile tope lililofukuliwa chini ya ghuba ya Manda ili meli zipate kina, likatembea na maji, hakina wa kukisemea. Nasema hivi nikijua nitatukanwa: fidia ni haki na nitaitetea mahali popote, lakini ndiyo iliyotusahaulisha mwamba.

Tuanzie nyuma kidogo. Tarehe 2 Machi 2012 walisimama Lamu viongozi watatu kuzindua mradi: Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Ukizitazama tarehe utaielewa haraka yao. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na Januari 2012 ikafunga visima vyake vya mafuta baada ya kukosana na Khartoum juu ya ada ya kupitisha mafuta kwenye bomba. Ethiopia haina bahari tangu Eritrea ijitenge. Kenya nayo ilitaka bandari ya pili, isibaki kuitegemea Kilindini, bandari ya Mombasa, peke yake. Ndipo ikazaliwa LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia: gati 32, bomba la mafuta, reli, barabara, viwanja vya ndege. Mahali palipochaguliwa ni upande wa bara, maeneo ya Kililana na Magogoni, kukabili kisiwa cha Manda. Gati 3 za mwanzo zilijengwa na China Communications Construction Company, na Rais Uhuru Kenyatta akaja kuifungua ya kwanza tarehe 20 Mei 2021. Vijana wa Lamu waliahidiwa nafasi 1,000 za ufadhili wa masomo. Wazee waliahidiwa mengi zaidi, lakini wazee hawaandikiwi ahadi zao.

Wapangaji waliipenda ghuba ya Manda kwa kuwa ina kina cha asili na imekingwa na visiwa. Hilo ni kweli. Ila kina cha asili hakifiki hadi kwenye ukuta wa gati. Gati za Lamu zina kina cha mita 17.5. Kilindini, hata baada ya mkondo wake kuchimbwa zaidi ya miaka 10 iliyopita, tunazungumzia kama mita 15. Kazini kwetu namba hiyo ya Lamu hutajwa kwa sifa, na mimi mwenyewe nimeitaja hivyo mbele ya wateja. Lakini mita 17.5 hazikuletwa na Mungu pale ukutani. Zilichimbwa, na zitachimbwa tena kila baada ya muda, kwa sababu bahari haipendi shimo. Utalichimba leo, mchanga utarudi.

Uchimbaji wenyewe niliutazama kwa karibu Kilindini. Aina moja ya meli ya kuchimba hushusha bomba refu hadi chini, ikaburura kichwa cha bomba kwenye sakafu ya bahari huku ikifyonza mchanga, tope na maji kwa pamoja. Vyote vinaingia tumboni mwa meli. Mchanga mzito hutulia. Maji ya juu, yaliyobeba vumbi laini kabisa, humwagwa nje ili tumbo lipate nafasi ya mchanga zaidi. Ndiyo ile rangi ya chai ya maziwa unayoiona ikiifuata meli. Mchanga mzito hauendi mbali. Vumbi lile laini ndilo lenye miguu. Lamu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 3, na maji yote hayo lazima yapite kwenye mikondo myembamba kati ya visiwa, mara mbili kwa siku kwenda na mara mbili kurudi. Mtu akikuonyesha ramani yenye duara dogo jekundu kuizunguka bandari, akakwambia madhara yanaishia hapo, muulize kama bahari imeonyeshwa hiyo ramani.

Sasa mwamba. Watu wa bara, na hata sisi wa pwani tuliokwenda kusomea bara, hudhani mwamba ni jiwe. Nusu ni kweli. Chini ni chokaa, ile ile iliyochongwa Maweni kule Manda kujengea nyumba. Juu ya chokaa hiyo kuna ngozi hai ya wanyama wadogo wadogo, ndio matumbawe, na ndani ya miili yao huishi mimea isiyoonekana kwa macho, inayopika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakichafuka, mwanga unapungua, na chakula kinapungua nao. Kisha vumbi linatua juu ya mnyama mwenyewe. Tumbawe halikai tu likazikwa. Hutoa ute, ute ukabeba uchafu ukaondoka nao. Lakini ute una gharama yake, na tumbawe linaloshinda likijisafisha halina nguvu ya kukua wala ya kuzaa.

Kuna kinachonitisha zaidi ya hayo, kwa kuwa hakionekani. Mtoto wa tumbawe huzaliwa akielea, na ili aishi ni lazima apate mahali pagumu na pasafi pa kushika. Tabaka jembamba tu la tope juu ya jiwe linatosha kumnyima mahali. Mwamba unaweza kuonekana mzima, samaki wanapita, watalii wanapiga picha kule kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto, na kumbe una miaka hauna mtoto. Huku kwetu matumbawe hutoa mbegu zaidi katika miezi ya kaskazi. Hiyo ndiyo miezi yenye bahari tulivu kuliko ya kusi, miezi anayoitamani kila mwenye chombo, awe mvuvi au mkandarasi. Katika mabaraza yote niliyohudhuria kuhusu bandari, sijasikia mtu akiuliza mashine zitafanya kazi mwezi gani.

Na si mwamba peke yake. Nyasi za bahari, ambazo tafi hula na pweza hujificha na kasa hulisha, nazo zinataka mwanga. Ukiendelea kaskazini unafika hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ambako bado wazee husimulia habari za nguva. Mikoko ya kaunti yetu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Haya yote ni shamba moja. Samaki hulelewa kwenye mikoko, hukulia kwenye nyasi, huishi mwambani, na hufia kwenye sufuria ya bibi yangu.

Nije kwenye kusi, maana hapa ndipo watu wa Nairobi hupotea kabisa. Kusi likivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, nje ya mwamba hakuendeki kwa mtumbwi wala kwa dau dogo. Watu huvua ndani: ghubani, kando ya mikoko, kwenye mafungu na nyasi. Ghuba ya Manda haikuwa tu sehemu mojawapo ya kuvua. Ilikuwa akiba ya miezi ya njaa. Bandari ikaja ikaketi juu ya akiba hiyo. Eneo la meli likawa si la wavuvi tena, na maji yaliyobaki yakachafuka. Halafu kila afisa aliyekuja, wa kaunti kwa wa taifa, akawa na dawa moja: nendeni mkavue bahari kuu. Ami yangu ana dau la tanga. Alimsikiliza mmoja wao hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Waniambia niende bahari kuu na dau hili? Basi niage kabisa?" Watu walicheka, afisa naye akacheka, na mkutano ukaendelea kwenye ajenda iliyofuata.

Wanaoitetea bandari wana hoja, na nyingine ni nzito. Watakwambia mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi ya Kenya, mahali pengine zaidi ya nusu ya yaliyokuwa hai, na hapakuwa na bandari wala meli ya kuchimba. Kweli. Watakwambia juya la kukokota limepita kwenye mafungu yetu na kuharibu kuliko Mchina yeyote. Kweli pia, na waliolikokota nawajua kwa majina ya utani. Watakwambia kuwa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, kwa hiyo si haki kila kilo iliyopungua ihesabiwe juu ya bandari. Hapo nakubali kabisa, tena nasema marufuku ile ilikula riziki za watu kuliko wengi wanavyokiri.

Nisichokubali ni namna hoja hiyo inavyomaliziwa. Nimemsikia mtu mzima, mwenye shahada, akisema mbele ya watu kwamba kwa kuwa mwamba ulikuwa umeshaumia, tope halikuongeza kitu. Lakini mwamba uliopigwa na joto hupona kwa watoto wapya kushika mahali pa wale waliokufa. Ukitaka kuuzuia usipone, huhitaji kuupiga tena. Chafua tu maji miaka ambayo unajaribu kuanza upya. Hasara ya 1998 ilipaswa kuwa sababu ya kuchimba kwa uangalifu mara mbili. Ikageuzwa kuwa ruhusa.

Haya, kesi. Wavuvi na wakazi wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka huo huo wa 2012. Tarehe 30 Aprili 2018 majaji 5 wa Mahakama Kuu walitoa hukumu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Lamu aisome kabla ya kufanya mtihani wa mwisho. Walisema serikali iliruka hatua: tathmini ya kimkakati ya mazingira ya mradi mzima haikutangulia kazi. Wananchi hawakupewa habari za kutosha wala hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ya kaunti iliwekwa kando katika jambo lililo mlangoni mwake. Haki ya mazingira safi ilivunjwa, na haki ya utamaduni pia, katika mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikaagizwa iitazame upya leseni iliyokuwa imeitoa. Na wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Karibu yote yaliyomo katika hukumu hiyo yanahusu namna ya kufanya kazi. Pesa ni kipande cha mwisho. Kilichofika vibarazani Lamu ni kile kipande cha mwisho peke yake. Siku ile ile watu walikuwa na kikokotoo: bilioni 1.76 gawanya kwa 4,600, kama shilingi 380,000 kwa kichwa. Kundi letu la WhatsApp la ukoo, ambalo kwa kawaida ni la dua na picha za watoto, liligeuka ofisi ya mhasibu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza leseni itatazamwa upya na nani. Mimi nilikuwemo kundini, na hesabu ya kugawa niliifanya mimi, kwa kuwa ndiye karani.

Halafu ukaja wakati wa orodha. Kama hujawahi kuona orodha ya fidia ikitengenezwa, hujaiona siasa ya Kenya ikiwa uchi. Mamlaka ya Bandari ilikata rufaa, mazungumzo ya nje ya mahakama yakaanza, na makubaliano yakaelekea kwenye asilimia 65 taslimu na asilimia 35 kwa vifaa vya uvuvi. Nani mvuvi? Mwenye kadi ya BMU, kile chama cha wavuvi cha kusimamia pwani yao. Nani ana kadi? Hapo sasa. Vijana ambao mara ya mwisho kulowana ilikuwa mvua ya masika waligundua kuwa wametoka kwenye ukoo wa wavuvi. Na shangazi yangu, mama karanga wa miaka yote, aliyekuwa akinunua samaki pwani alfajiri, akawakaanga na kuwauza hadi magharibi, aliambiwa katika ofisi moja kwamba yeye ni mfanyabiashara, hana chombo, hakuathirika. Akasema, "Sawa, baba," akatoka. Samaki wasipokuja pwani, mwenye dau anakosa kuuza. Yeye anakosa kununua, kukaanga, kuuza, na kuwapikia wanawe. Lakini hana dau.

Miaka ikaenda hivyo. Ugomvi wa asilimia 65 na 35. Ugomvi wa mashine ya boti ya aina gani, na kama mzee wa miaka 70 apewe mashine au apewe thamani yake. Kisiwa kwa kisiwa, Kizingitini wakihisi Amu, yaani Lamu mjini, wamependelewa, Amu wakihisi Pate wamejaza majina. Kila msimu wa kampeni fidia ndiyo ilikuwa ya kwanza kutajwa jukwaani. Naelewa kwa nini. Fidia ina wapokeaji, na wapokeaji wana kura. Inaahidika upya kila mara. Ikichelewa, lawama inapelekwa Nairobi. Tope je? Ukilizuia leo, faida yake itaonekana baada ya miaka, kwa mtu ambaye labda hajazaliwa, na hatakumbuka jina lako. Ningekuwa mgombea, nami ningezungumzia bilioni.

Kwa kuwa kazi yangu ni ya bandari, nasoma sana habari za bandari za wenzetu. Kuna mbili ambazo huzirudia.

Ya kwanza ni Abbot Point, jimbo la Queensland, Australia, bandari ya makaa ya mawe iliyo kando ya Great Barrier Reef. Desemba 2013 waziri wa mazingira, Greg Hunt, aliidhinisha kuchimbwa kwa meta za ujazo milioni 3, na tarehe 31 Januari 2014 mamlaka ile ile inayoilinda hifadhi ikaruhusu tope hilo likamwagwe ndani ya mipaka ya hifadhi. Si juu ya matumbawe yenyewe, walisema, ni kwenye sakafu ya mchanga na matope. Moto uliowaka! Wavuvi, wenye boti za watalii, wanasayansi, UNESCO iliyokuwa ikitishia kuuweka mwamba kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kilichonivutia ni swali walilogombania. Hawakuuliza kwanza nani atalipwa. Waliuliza tope litakwenda wapi. Swali hilo moja lilitosha. Kabla mwaka haujaisha mpango wa kulimwaga baharini uliondolewa, na Novemba 2014 waziri yule yule alisimama Sydney akatangaza kuwa umwagaji wa tope la uchimbaji mpya wa bandari ndani ya hifadhi utapigwa marufuku. Mwaka 2015 marufuku ikawa sheria. Uchaguzi wa Queensland wa Januari 2015 nao ulipita katikati ya ugomvi huo, na tope likawemo kwenye ahadi za wagombea. Hebu fikiria mgombea wa Lamu akipanda jukwaani kuahidi mahali pa kuweka tope.

Sisemi Waaustralia ni malaika. Walipoliondoa tope baharini walitaka kulipeleka kwenye ardhi oevu ya Caley Valley, na ugomvi ukahamia kwa ndege wa majini. Tope lazima liwe mahali. Na mwaka 2016 joto likaja likaua matumbawe mengi upande wa kaskazini wa mwamba ule, bila kuuliza sheria inasemaje. Lakini angalau waliligombania lenyewe.

Ya pili ni Miami, na hiyo ndiyo ninayoiogopa. Mfereji wa Panama ulikuwa unapanuliwa, kila bandari ya mashariki mwa Marekani ikataka meli kubwa. Kati ya 2013 na 2015 wahandisi wa jeshi la Marekani walisimamia uchimbaji wa mkondo wa bandari ya Miami hadi futi 50, karibu mita 15, ukipita katikati ya mwamba. Baadhi ya matumbawe yalihamishwa kabla ya kazi, na madhara yalikadiriwa kuwa madogo. Wapiga mbizi walikuta tope limefunika mwamba. Wasimamizi wakasema walioua ni joto na ugonjwa wa matumbawe uliokuwa umezuka Florida wakati ule ule. Mwaka 2019 utafiti uliopitia upya takwimu za mradi wenyewe ulikadiria kuwa zaidi ya matumbawe nusu milioni yalikufa ndani ya nusu kilomita kutoka mkondoni. Hilo waliweza kulijua kwa sababu palikuwa na watu waliohesabu kabla, wakati wa kazi na baada. Bila hesabu ya kabla, kila kifo ni cha joto. Ukitaka kujua kwa nini kwetu mjadala uliegemea kilo za samaki na majina ya watu, sehemu ya jibu ni hiyo: samaki wana mnunuzi anayewapima kila asubuhi, tumbawe halipimwi na mtu.

Na sisi wenyewe si wapinzani wa kuchimba, tuache unafiki. Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakipwa boti zilikuwa zinakwama. Wagonjwa walikwama humo, wajawazito walikwama humo, mimi nimekwama humo na gunia la mchele juu ya magoti. Kuongezwa kina kwa Mkanda ni kilio chetu cha miaka, na ulipochimbwa watu wa Pate walishangilia, na mimi nilishangilia. Kwa hiyo siwezi kusimama kesho niseme kuchimba ni haramu. Mto wa bahari ukizibwa, kisiwa kinakufa kwa namna yake.

Bandari ipo. Gati 3 zimekaa pale, meli zinakuja, na siku ikijaa mizigo kama ilivyopangwa nitafurahi kama karani na kama mtu wa Lamu; huenda hata nikahamishiwa nyumbani. Lakini ukihesabu kutoka 32, zimebaki 29. Na hata bila ya gati mpya, kina cha hizi zilizopo kitahitaji kusafishwa mara kwa mara. Kwa maneno mengine, uchimbaji haukuisha na ule wa kwanza. Kila utakapokuja mwingine kutakuwa na baraza, kutakuwa na soda, na mtu atasimama kuuliza fidia.

Safari hii niliamua nisikae na maneno yangu Mombasa. Nimemwandikia binamu yangu, aliye kwenye kamati ya BMU moja ya Pate, maswali ya kuuliza kabla ya jingine lolote. Tope litamwagwa wapi, na nani amepima mkondo wa maji wa mahali hapo wakati wa bamvua? Mashine zitafanya kazi miezi gani, na zitasimama lini ili matumbawe yazae? Nani atapima uchafu wa maji kila siku, na je, huyo analipwa na mkandarasi yule yule? Maji yakichafuka kupita kiwango, nani ana uwezo wa kusema simama, na mashine ikasimama kweli? Miamba ya Manda Toto na ile ya Pate imehesabiwa kabla, na hesabu hiyo imewekwa mahali ambapo mvuvi anaweza kuiona? Na kama kuna orodha ya watu, mama karanga wamo?

Alikaa siku nzima bila kujibu. Usiku akaniletea ujumbe wa sauti. Alisema maswali ni mazuri, atayachapisha, ila hili la mashine kusimama analiona gumu, kwa sababu saa moja ya meli ile kukaa bure ni pesa nyingi na serikali haitakubali. Kisha akaniuliza kama kwenye gati ya nne fidia itaanzia 380,000 au itapanda, kwa kuwa bei ya petroli si ile ya 2018.

Nimemjibu kwamba lile la mashine kusimama alianze nalo, la pesa atalikuta watu wengine wameshalishika.